Samaki, penseli, kompyuta au printa: tabibu afundishwe kwa njia ipi kuiona CT kwa pande tatu?

Siku hizi idara ikipata kafungu kadogo ka kuwafundisha matabibu kusoma CT, yaani picha za eksirei zinazouonyesha mwili kipande kwa kipande, wazo la kwanza mezani ni printa ya 3D, ile inayochapisha umbo la plastiki la kushikika. La pili ni ile miwani mikubwa inayofunika uso mzima. Mazungumzo hayo nimeyasikia hapa Mwanza mjini, nikayasikia tena Sengerema, na kila mara swali ni lile lile: "Tununue ipi?" Ni mara chache mtu anauliza kwanza ni nani atakayefundishwa, na akishafundishwa anatakiwa aweze kufanya nini.

Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue naegemea wapi. Kifaa kinachokuonyesha umbo lililokwisha kujengwa kinamfaa zaidi yule ambaye tayari analiona umbo hilo kichwani. Asiyeliona anahitaji kitu kitakachomlazimisha alijenge mwenyewe kutoka kwenye vipande, akosee, asahihishwe, arudie. Ukizipima njia zote kwa kigezo hicho utakuta bei na faida haziendi pamoja, na njia mojawapo ya bei ndogo kabisa inauzwa kwa kilo pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba.

Kinachofundishwa hasa

Mashine ya CT ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971. Godfrey Hounsfield aliyeibuni alikuja kugawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Tangu hapo mpaka leo mashine hiyo inatupa kitu kile kile: vipande. Kipande cha kawaida ni mraba wa nukta 512 kwa 512, na kila nukta ni namba katika kipimo kilichopewa jina la Hounsfield. Maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta yako karibu na -100, damu iliyoganda karibuni huwa kwenye 50 hadi 80 hivi, na mfupa unapanda mamia mpaka kupita 1000. Weupe, kijivu na weusi tunaouona kwenye skrini ni namba hizo zilizogeuzwa kuwa mwanga.

Kazi ya tabibu ni kuvirudisha vipande hivyo kuwa mtu. Anayesoma CT ya kichwa cha kijana aliyeanguka na bodaboda lazima ajue damu iko upande gani, juu imeanzia wapi, chini imeishia wapi, na inasukuma nini. Hapo kuna mtego wa mwanzo usiohusiana na teknolojia yoyote: kipande cha mlalo husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa unatazama kuelekea kichwani, kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwako. Mtu anaweza kulikariri hilo vizuri mchana na bado akakosea upande saa nane usiku.

Wapo wanaoamini kwamba uwezo huu mtu anazaliwa nao. Mwaka huo huo wa 1971, Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha kwamba mtu akiambiwa alinganishe maumbo mawili yaliyogeuzwa, muda anaotumia unaongezeka kadiri pembe ya mgeuzo inavyoongezeka. Yaani kichwani kweli kuna kitu kinazungushwa, na kuzungusha kunachukua muda. Kisha uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliokusanya tafiti 217 za mafunzo ya aina hii, ulikuta kwamba uwezo huo unakuzwa kwa mazoezi na kwamba faida yake inadumu. Kwa hiyo daktari tarajali anayesema "mimi hizi picha haziniingii" hana udhuru, na mwalimu wake pia hana.

Filamu kwenye kisanduku cha taa dhidi ya kusogeza vipande kwenye skrini

Hapa sitakawia. Filamu ina faida moja kubwa: unaviona vipande vyote kwa mpigo, na haihitaji kompyuta. Lakini jicho linaruka kutoka kipande hadi kipande, na mwanafunzi hushika kile kinachomvutia akaacha vingine. Kwenye skrini, ukizungusha gurudumu la kipanya, kitu kinakua, kinahama, kinapungua, kinapotea. Na huko kukua na kupotea ndiko kunakoeleza umbo. Kama pana uwezekano wa kufungua CD ya mgonjwa kwenye kompyuta, usifundishie filamu. Kama hapana, fundishia filamu, ila mwanafunzi aweke kidole kwenye kitu kimoja na akifuate kipande kwa kipande bila kuruka. Na picha ya filamu iliyopigwa kwa simu ikatumwa WhatsApp ni ya kuombea ushauri wa dharura tu. Usimfundishie mtu kwa hiyo.

Samaki

Zoezi hili ninalipenda kuliko yote, na najua baadhi ya wenzangu wanaliona ni mchezo.

Nunua sangara mdogo wa kilo mbili hivi, mzima, na usikubali atumbuliwe. Mgandishe kwenye friza usiku kucha mpaka awe mgumu kama gogo. Mkate kwa msumeno safi, mapingili ya unene sawa, sentimita mbili mbili, kutoka kichwani hadi mkiani. Yapange kwenye trei kwa mfuatano, kisha piga picha kila pingili upande unaotazama mkiani, kamera ikiwa kwenye kimo kile kile. Wanafunzi wape picha tu. Samaki mwenyewe mfiche.

Waulize kuhusu bondo, ule mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki. Kila mtu wa hapa analijua bondo la sangara kwa sababu ya bei. Linasafirishwa mpaka China na Hong Kong na linauzwa ghali kuliko minofu yenyewe. Lakini kulijua bondo lililoanikwa juani ni jambo moja, na kulitambua kwenye vipande ni jingine. Kwenye picha litaonekana kama uwazi wenye ukuta mnene, chini tu ya uti wa mgongo. Katika pingili za mbele ni dogo, katikati linapanuka, nyuma linafinyika. Sasa mwambie kila mmoja alichore likitazamwa kutoka ubavuni. Hapo ndipo utawaona watu. Mmoja atachora maputo manne yaliyopangwa mstari, kwa sababu ameona mduara kwenye picha nne. Mwingine atachora mfuko mmoja lakini ataupeleka tumboni, kwa sababu alisahau kuangalia uko umbali gani kutoka kwenye uti wa mgongo. Wakimaliza, toa samaki wa pili aliyepasuliwa kwa urefu, waweke michoro yao pembeni yake. Huhitaji kueleza kitu.

Pingili moja ikate mshazari makusudi. Mrija wa duara ukikatwa mshazari hutoa umbo la yai, na anayepima kipenyo kwa upande mrefu wa yai atapata namba kubwa kuliko ukweli. Kosa hilo hilo hutokea kwenye mshipa mkuu wa damu uliopinda kifuani: kipande cha mlalo kinaukata kwa pembe, mtu anapima, anaandika kwamba umepanuka, mgonjwa anaanza kusafirishwa. Ukishaliona kwa samaki, kwenye CT utajiuliza kwanza umekata kwa pembe gani.

Udhaifu wake uko wazi. Samaki hana ugonjwa unaoutafuta, hana viungo vyote tunavyovihitaji, na baada ya saa mbili chumba kinanuka. Zoezi la pili halina utamu wa la kwanza, kwa hiyo ni somo la mara moja kwa kila kundi. Lakini kwa mara hiyo moja sijaona kitu cha bei hiyo kinachofanya kazi hiyo.

Penseli, rula na hesabu

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa watu wengi zaidi kwenye hospitali isiyo na mtaalamu wa radiolojia usiku.

Namna ya kwanza ni kufuatisha. Weka karatasi ya plastiki inayoonyesha juu ya filamu, chora mzunguko wa uvimbe au wa damu, sogea kipande kinachofuata, karatasi nyingine. Mwisho zipange karatasi zako zikiwa zimetenganishwa kwa vipande vya kadibodi vyenye unene sawa, uzitazame kwa ubavu. Inachosha, lakini mkono uliochora mpaka wa kitu unaukumbuka.

Namna ya pili ni kukadiria ujazo wa damu kwa kanuni ya ABC gawanya kwa 2, iliyotangazwa mwaka 1996 kwa damu iliyovuja ndani ya ubongo na ambayo sasa watu wanaitumia pia kwa damu iliyokaa kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo. A ni urefu mkubwa zaidi wa damu kwenye kipande inapoonekana kubwa kuliko kwingine. B ni upana wake kwa pembe mraba na A, kwenye kipande hicho hicho. C ni idadi ya vipande ambavyo damu inaonekana ukizidisha na unene wa kipande. Vyote viwe kwa sentimita. Zidisha vitatu, gawa kwa 2, umepata mililita.

Mfano ninaoutumia darasani, wa damu iliyo kati ya fuvu na utando: A ni 8, B ni 1.4, damu inaonekana kwenye vipande 13, kila kimoja mm 5. Kwenye kipande kimoja damu yenyewe inaonekana kama mstari mnene tu wa milimita 14, na mwanafunzi anayetazama kipande kimoja atasema ni ndogo. Ukihesabu vipande 13 vyote, C ni 6.5 na jibu ni ml 36.4. Lakini kanuni asilia inasema kipande ambacho eneo la damu ni kati ya robo na robo tatu ya lile kubwa kabisa kihesabiwe nusu, na kilicho chini ya robo kisihesabiwe. Tuseme vinne vya pembeni ni nusu nusu: tunabaki na vipande 11, C ni 5.5, jibu ni 30.8. Mwongozo wa upasuaji uliotolewa Marekani mwaka 2006 unasema damu ya aina hii ikizidi ml 30 itolewe kwa upasuaji hata kama mgonjwa anazungumza. Chini ya hapo, ikiwa unene haufiki mm 15, mstari wa kati wa ubongo haujasogea mm 5 na mgonjwa yuko macho bila kiungo kilichodhoofika, anaweza kuangaliwa kwa karibu na kurudiwa CT, mahali penye daktari wa upasuaji wa ubongo. Unene wa mgonjwa wetu haufiki mm 15. Kinachombeba ni ujazo, na ujazo hauonekani kwenye kipande kimoja.

Sasa mwanafunzi mmoja lazima atadhani vipande ni vya mm 2.5 kwa sababu hakusoma maandishi madogo pembeni mwa filamu. Atapata ml 15.4. Namwacha amalize, aandike, aseme anampeleka wodini. Kisha namwonyesha pembeni mwa filamu.

Ukilinganisha na samaki: samaki anafundisha umbo, hesabu inafundisha kiasi na inaingia moja kwa moja kwenye barua ya rufaa. Anayepokea simu kutoka Geita au Ukerewe akiambiwa "damu ya nje ya utando, kulia, ml 31, mstari wa kati umesogea mm 4" anaanza kuandaa chumba. Akiambiwa "kuna damu kichwani" anaanza kuuliza maswali.

Programu za kompyuta

Hapa ndipo vipande vinapogeuzwa kuwa kitu cha kuzungushwa kwenye skrini. Programu inafanya mambo matatu yaliyo tofauti, na watu huyachanganya. La kwanza ni kukata upya: unachukua rundo la vipande vya mlalo na kuvitazama kwa wima, kutoka mbele au kutoka ubavuni. La pili ni kujenga sura ya juu ya kitu, kwa mfano mfupa, kwa kuiambia kompyuta ichukue kila nukta iliyozidi namba fulani. La tatu ni kuonyesha mwili wote kwa rangi na uwazi tofauti, zile picha nzuri zinazowekwa kwenye kalenda za makampuni.

Kwa kufundishia, la kwanza linazidi mengine yote. Unamwonyesha mwanafunzi kipande cha mlalo cha bega au cha nyonga, unamwambia achore kwenye karatasi ataona nini ukikata kwa wima kupitia mstari huu. Akimaliza ndipo unabonyeza. Usibonyeze kabla hajachora.

| Programu | Inaendeshwa kwenye | Bei | Ningempa nani |
|---|---|---|---|
| 3D Slicer | Windows, Mac, Linux | Bure | Mwalimu na mtafiti. Ina kila kitu, lakini vitufe ni vingi mno kwa siku ya kwanza |
| InVesalius | Windows, Mac, Linux | Bure | Anayetaka mfupa haraka na faili la kuchapisha |
| Horos | Mac tu | Bure | Mwenye Mac tayari. Usinunue Mac kwa ajili yake |
| RadiAnt | Windows | Ya kulipia, ina muda wa majaribio | Anayesoma picha nyingi kila siku na hataki kujifunza programu ngumu |

3D Slicer ilianza mwaka 1998 kama kazi ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kati ya hospitali ya Brigham and Women's na chuo cha MIT, eneo la Boston. Waandaaji wake wanasema wazi kwamba haijaidhinishwa kwa matumizi ya tiba, kwa hiyo ni ya darasani na ya utafiti. InVesalius ilianza mwaka 2001 katika kituo cha teknolojia cha serikali huko Campinas, Brazil, na tangu mwanzo ilikusudiwa hospitali za umma zisizo na fedha za kununua programu za makampuni. Hilo linaonekana: kwenye kompyuta mpakato ya kawaida yenye RAM ya GB 8 inakwenda, na inakuongoza hatua kwa hatua. Kama kituo chako kina kompyuta moja na mwalimu mmoja, anza na InVesalius.

Kabla hujapakua chochote, piga hesabu ya bando. Kipande kimoja kinabeba takriban nusu MB, kwa sababu ni nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili. Kifua chenye vipande 400 ni MB 200. Darasa la watu kumi wakipakua kila mmoja kwa simu yake, hiyo ni GB 2 kwa mgonjwa mmoja. Pakua mara moja, gawa kwa flashi.

Halafu unene wa vipande. CT iliyopigwa kwa vipande vya mm 5 ukiijenga kwa pande tatu, fuvu linatoka na ngazi ngazi. Haimaanishi kwamba programu ni mbovu. Taarifa ya katikati haikuhifadhiwa. Mwombe mteknolojia wa mionzi ahifadhi vile vyembamba, mm 1 au karibu na hapo, kabla havijafutwa kwenye mashine. Mara nyingi vipo, ila hakuna aliyeviomba.

Mtego mkubwa zaidi ni uzuri wa picha yenyewe. Unamwachia daktari tarajali fuvu kwenye skrini, analizungusha kwa furaha, kisha anasimama.

"Dokta, sakafu ya tundu la jicho ina shimo. Amevunjika."

"Shusha ile namba ya mfupa, pole pole."

Anashusha, na shimo linaziba mbele ya macho yake. Mfupa wa pale ni mwembamba kiasi kwamba nukta moja inabeba mfupa pamoja na mafuta ya jirani, wastani wake unashuka chini ya namba iliyowekwa, na kompyuta inauacha nje. Kinyume chake pia hutokea: ufa mwembamba usioachana unalainishwa na kupotea kwenye sura ya 3D, wakati kwenye vipande vyenyewe, kwa dirisha la mfupa (mpangilio wa weupe na weusi unaoonyesha mfupa vizuri), unaonekana bila shida. Mtu asiyejua vipande atadanganywa mara mbili kwa picha moja. Ndiyo maana kwangu kompyuta ni hatua ya baada ya samaki na penseli. Anayeanza nayo huizoea ile picha nzuri na kurudi kwenye vipande kunakuwa adhabu.

Altrasaundi, ambayo hakuna aliyeiweka kwenye orodha

Kwenye mikutano ya kununua vifaa sijasikia mtu akiitaja, pengine kwa sababu tayari ipo. Lakini fikiria: kipande kinakatwa na mkono wako mwenyewe, papo hapo, na ukiugeuza mkono kipande kinageuka. Ubongo unapata taarifa mbili kwa wakati mmoja, ya jicho na ya mkono. Haina mionzi, kwa hiyo wanafunzi wanaweza kupimana wao kwa wao, jambo ambalo kwa CT ni marufuku kabisa.

Na huku Ziwani ina kazi ya kutosha. Kichocho cha tumbo kinaacha makovu kando ya mishipa inayoingia kwenye ini, na itifaki ya Niamey ya Shirika la Afya Duniani inatumia sura ya makovu hayo pamoja na kipenyo cha mshipa mkuu wa ini kupima hali ya mgonjwa. Kipenyo hicho ndicho yule sangara aliyekatwa mshazari. Mwanafunzi anapima mm 15, unamshika mkono, unaugeuza kidogo mpaka mshipa unakuwa mduara, anapima tena mm 11. Mgonjwa hajabadilika.

Ikiwa kituo chako kina altrasaundi na hakina CT, basi ulinganisho wote huu kwako unaishia hapa: tumia hiyo, na samaki.

Printa ya 3D

Siipingi. Napinga kuinunua kwanza.

Inachofanya vizuri ni mfupa na maandalizi ya upasuaji. Mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa wa taya la chini, daktari akichapisha taya lenyewe kwa ukubwa halisi, anaweza kulikunja bamba la chuma juu ya plastiki siku moja kabla, badala ya kulikunja mgonjwa akiwa amelala mezani. Nyonga iliyovunjika kwenye kikombe chake ni vivyo hivyo: hata mpasuaji mzoefu akiishika mkononi anaona skrubu itapita wapi. Kwa mgonjwa na ndugu zake pia, kielelezo cha plastiki kinaeleza kuliko filamu.

Kwa kufundisha kusoma vipande, faida yake ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kitu kimekwisha kujengwa, mwanafunzi anakishika, anaitikia kwa kichwa, amefurahi. Mpe CT nyingine kesho na hakuna kilichobadilika. Dawa yake ni kugeuza mpangilio: afinyange kwanza kwa udongo kile anachodhani ameona kwenye vipande, ndipo umpe kilichochapishwa. Lakini ukifanya hivyo utagundua udongo ndio uliofanya sehemu kubwa ya kazi.

Kuna na mambo ya kawaida. Kipande kikubwa kama nusu ya nyonga kinaweza kuchukua mchana na usiku kuchapika, na umeme ukikatika saa ya kumi na tano, baadhi ya printa huendelea pale zilipoishia lakini kitanda kikishapoa kipande hubanduka. Bila UPS (betri ya akiba) inayobeba saa kadhaa au jenereta, usijisumbue. Plastiki ya PLA, inayotumiwa na wengi, inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo usiiweke kwenye mashine ya kuchemshia vifaa ukitegemea itatoka na umbo lake. Na kazi ya kusafisha faili kabla ya kuchapisha, kutenganisha mfupa na mfupa, inahitaji mtu anayejua vipande. Printa inamhitaji mtu uliyekuwa unataka ikufundishie.

Miwani ya uhalisia pepe

Inavutia wageni. Anayevaa ni mmoja, wengine kumi wanasubiri, wengine hupata kizunguzungu, na mara nyingi nyuma yake inahitajika kompyuta ya gharama. Kwa mpasuaji wa moyo wa mtoto mwenye kasoro ngumu ina maana. Kwa idara inayoanza, hapana.

Picha utazipata wapi, na uzifiche vipi

Ukitaka kuanza bila mgonjwa wako mwenyewe, 3D Slicer ina mifano ya bure ya kichwa na kifua unayoweza kuipakua ukiwa ndani ya programu. The Cancer Imaging Archive ina maelfu ya picha za wagonjwa wa saratani zilizokwisha kuondolewa majina. Na Visible Human ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1994 kwa mwanamume na 1995 kwa mwanamke, ni mwili halisi uliogandishwa na kusagwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likipigwa picha: vipande 1,871 vya mm 1 kwa mwanamume. Naam, ni yale yale ya sangara.

Ukitumia picha za wagonjwa wako, kumbuka jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili vimeandikwa ndani ya kila kipande, hata kama havionekani kwenye skrini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu jambo hili moja kwa moja. Programu nyingi zina kitufe cha kufuta taarifa hizo. Lakini kitufe hicho hakifuti sura: CT ya kichwa ikijengwa kwa ngozi badala ya mfupa inatoa pua, midomo na masikio ya mtu anayeweza kutambuliwa na jirani yake. Kata uso kwenye faili kabla hujaligawa, na kundi la WhatsApp la darasa lisiwe mahali pa kuhifadhia.

Nani achague nini

Kituo cha afya kisiwani au vijijini, chenye altrasaundi na maafisa tabibu watatu: samaki siku ya kwanza, kisha kupimana kwa altrasaundi kila wiki mwalimu akiwa pembeni. Fedha iliyobaki inunue jeli.

Hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye CT lakini isiyo na radiolojia ya usiku: hesabu ya ABC kwanza, mpaka kila anayeshika zamu aifanye bila kuangalia karatasi, halafu InVesalius kwenye kompyuta moja ya chumba cha mapokezi ya dharura kwa ajili ya mazoezi. Hapa ningeongeza makubaliano na wateknolojia kuhusu vipande vyembamba, yasiyogharimu kitu.

Hospitali ya rufaa ya kanda na chuo chake, kama Bugando na CUHAS pale kilimani, zina wanafunzi wengi, wapasuaji wa mifupa, wa taya na wa ubongo. Huko 3D Slicer ina mahali pake, na printa pia, ikiwa tu kuna mtu mmoja ambaye kuitunza kumeandikwa kwenye majukumu yake ya kazi. Printa iliyokabidhiwa "idara" itafunikwa kitambaa kabla ya mwaka kwisha. Na kabla ya kusaini hati ya ununuzi, fanyeni jaribio hili: chukueni wanafunzi sita, wapeni CT ya nyonga wasiyoiona kabla, wachore kipande cha wima kabla hakijafunguliwa. Kama wanne hawawezi, fungu hilo lipelekwe kwanza kwenye saa za mwalimu.